Unga ya Muravumba na Kijiko ya Mama

Mama yangu hakuuzisha dawa hata siku moja bila kuonja yeye wa kwanza. Mutu anafika kwenye meza yetu, pale soko ya Jabe, anaulizia unga ya muravumba. Mama anafungua chupa, anachota kidogo na ncha ya kijiko, anaweka kwenye ulimi, anameza, anafungua mudomo wazi kama mutoto kwa muganga ili mutu aone imeshuka. Kiisha ndo wanaongea mambo ya bei. Hapa Bujumbura hata pombe inaenda hivyo: mwenye kukukaribisha anakunywa mbele yako, unaona amemeza, unapokea. Mama alitokea Uvira, kule hawashikilii hiyo sana, lakini alijifunza haraka. Wakati wa vita kila mutu alikuwa anaangalia ndani ya glasi yake mbele ya kunywa. Muuzaji mwenye haonji, watu walikuwa wanamupita tu.

Unga yenyewe ilikuwa ya majani ya muravumba, ile ba bibi wa hapa wanapanda kando ya nyumba, pamoja na tungurusumu kidogo, kitunguu saumu. Mama alikuwa anachuma, anaosha, anarudilia kuosha, anakausha ndani ya nyumba juu ya shuka. Inje apana, juu ya vumbi na kuku. Kiisha anatwanga kwenye kinu na kuchekecha na kitambaa nyembamba. Watu walikuwa wanaweka kijiko ndogo kwenye uji ya asubuhi, hata wenye hawaumwi.

"Inaua mikrobe mbele haijazaa," Mama alikuwa anawaambia.

Mi nilikuwa kwenye lisee, tulikuwa tumesoma mikrobe kwenye biolojia, na hiyo sentensi ilikuwa inanipa aibu kidogo. Lakini ningesema nini? Majipu ilikuwa inakauka kweli, vikohozi ilikuwa inapunguka kweli, na kwenye farmasi hakukuwa kitu. Ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ilikuwa imefunga njia, bandari ilikuwa imelala. Unafika na karatasi ya muganga, ule wa farmasi anaisoma na huruma, anakurudishia. Basi watu wanarudi kwa majani. Hata madamu mumoja wa Mutanga Nord, mwenye gari, alikuwa anatuma zamu wake, mulinzi wa nyumba, kuja kuchukua chupa kwetu.

Kwetu nyumbani kulikuwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, na mimba yake. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka wakati tulikimbia kwenye kata ingine, tukilala chini kwenye simenti ya kanisa, na tangu ile siku hakuna mutu nyumbani alitamka mambo yake. Bwana yake alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi, alikuwa anatuma salamu kupitia watu. Sasa hii ya pili ilikuwa imeshakuwa kubwa, tumbo ilikuwa inasonga mbele yake akitembea, na yaya alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa na mikono mbili chini ya tumbo, kama mutu mwenye kubeba sufuria ya maji ya moto. Kila akikohoa Mama anaacha chenye alikuwa anafanya.

"We mutoto, kunywa ile unga."

"Inakwama kwenye koo, Mama. Ni kama kumeza mufagio."

"Nitakutengenezea ingine laini."

Ndo vile tulianza kwenda kwenye mashine. Mbele ya hapo, yaya ndo alikuwa anatwanga. Mukono yake ilikuwa nzuri sana kwa kinu. Sasa Mama alimukataza. Mi nilitwanga siku chache, unga ikatoka na vipande kama majani ya chai, Mama akaniambia niende kusoma vitabu vyangu. Wateja walikuwa wanaongezeka. Na yaya alikuwa anataka laini. Mama akasema: twende kwenye mashine ya kusaga.

Mwenye hajawahi kupanga mustari kwenye mashine ya Jabe hawezi kuelewa vile ba mama wanapigana pale. Hawapigani nani anasaga wa kwanza. Wanapigana nani anasaga nyuma ya nani. Juu mashine haimalizi kutapika: kila mara inabakisha unga kidogo kwenye tumbo yake, na wewe mwenye kufuata ndo unaipokea. Ukifuata muhogo, ugali yako inakuwa na muhogo. Ukifuata mutu mwenye kusagia watoto wake ndagala kavu, hapo umekwisha. Unga yako inanuka samaki mupaka iishe. Kwa hiyo swali ya pale haikuwa "habari ya asubuhi." Ilikuwa: "Mbele yako kunasagwa nini?"

Ile siku mi ndo nilibeba mufuko. Mbele yetu kulikuwa mama moja na beseni ya muhogo, na kando ya muhogo kifurushi ya ndagala. Mama alivuta pua.

"Pita, dada yangu, pita. Mi nitangojea."

"Kwani ndagala yangu ina makosa gani?"

"Haina makosa. Ni dawa yangu ndo ina kiburi."

Watu walicheka. Mi sikucheka, nilikuwa na somo ya hesabu saa ile ile, nilikuwa nahesabu mustari na kuchemka. Nyuma ya mama wa ndagala alikuja muzee moja wa kule milimani, mwembamba, na viatu ya plastiki, na gunia ndogo ya mahindi. Mama akamuacha yeye pia apite. Hapo mi nilishindwa kunyamaza.

"Mama, unaachilia kila mutu! Tutalala hapa?"

"Mahindi ni safi," alinijibu pole pole. "Itaosha mashine. Tunafuata mahindi."

Na ni kweli, hiyo ndo akili ya mashine, kila mama wa Jabe angesema vile vile: mahindi haina harufu, haina mafuta, haina chumvi, inapita kama mufagio. Muzee alisaga. Unga yake ilitoka na rangi kidogo, kama mutu amechanganya mutama mwekundu, na watu mingi walikuwa wanachanganya, juu ya njaa. Tukafuata. Unga yetu ilitoka laini, laini kama poda ya mutoto. Mama alisugua kati ya vidole, akanionyesha, uso yake yote ilikuwa imefunguka.

"Hii," akasema, "yaya yako ataimeza."

Ile chupa ya kwanza alimupatia yaya. Kila asubuhi anachota kijiko, anachanganya kwenye uji, anasimama pale mulangoni mupaka yaya aweke mudomo. Kiisha tunatoka, yeye kwa meza, mi kwa lisee.

Unga laini ilipendwa. Watu walisema hii ndo dawa, ile ya zamani ilikuwa majani. Wengine walirudi kusema tumbo imewaendesha kidogo, na walisema na furaha: "Inasafisha! Inatoa takataka!" Mama alifurahi. Zamu wa Mutanga Nord alichukua chupa kubwa. Muzee wa duka ya misumari, Mwislamu wa siku mingi hapa, mwenye duka yake inaangaliana na meza yetu, alichukua mbili: moja ya nyumbani, moja ya kuweka chini ya kontwari, meza yake ya kuuzishia. Na kila mutu, kila chupa, Mama anaonja. Kijiko, ulimi, mudomo wazi. Karibu.

Kiisha Mama akaanza kuumwa.

Ilianza na kichwa. Akasema ni jua. Kiisha akawa anatapika akirudi soko, anatetemeka mikono, anasema anaona meza inatembea. Asubuhi anakuwa afadhali, anaenda soko, jioni anarudi na uso ya kijani. Ba jirani walikuja kusimama mulangoni na kusema polepole maneno yenye kila mutu alikuwa anajua yatasemwa.

"Wamemulisha sumu."

"Ni wa ile meza ya upande ingine, mwenye anauzisha pia. Wivu."

"Mama yenu ni mutu wa Kongo, hana watu hapa. Ni rahisi."

Wakati ule neno kama ile haikuwa ya kuchezea. Mutu akisema "wamemulisha", kesho yake meza ya mutu inachomwa, na kesho kutwa ni zaidi ya meza. Yaya aliwafukuza na mudomo yake, na tumbo yake mbele. "Kama mumeleta kuni ya kupikia, mulete. Kama ni maneno, mubaki nayo."

Mi nilimuita muforoma, muuguzi wa dispanseri, jirani yetu wa nyuma, mwanamuke wa haraka haraka mwenye hakai hata umukaribishe kiti. Alimushika Mama macho, ulimi, mukono.

"Anakula nini?"

"Chenye tunakula sisi."

"Sufuria moja?"

"Moja."

"Maji?"

"Moja."

"Na nyinyi hamuumwi."

"Apana."

"Basi sikiliza swali yangu vizuri, we musomi. Anaweka nini kwenye mudomo yenye nyinyi hamuweki?"

Nilianza kusema hakuna. Mudomo ilikuwa imeshafunguka. Nikaona kijiko.

Wateja walikuwa wanakula kijiko moja asubuhi, kiisha basi. Mama alikuwa anaonja kwa kila mutu, na siku ya soko watu walikuwa mingi sana. Hakuna mutu Jabe yote alikuwa amekula ile unga kama mwenye kuiuzisha.

"Ni dawa," nikasema. Na mara moja nikageuka kuangalia yaya.

Yaya alikuwa amekaa kwenye kitanda, mukono juu ya tumbo. Mama ndo alisema, na sauti yenye sijawahi kuisikia kwake, mbele wala nyuma:

"Mutoto wangu. We umekunywa kila siku."

Yaya aliangalia chini. Kiisha akaanza kucheka, kucheka yenye iko karibu na kulia, mupaka kikohozi ikamukamata.

"Mi? Ile kitu? Mama, unisamehe. Ukigeuka tu, namwanga kwa dirisha. Na uji pia. Nafikiri panya ya ule upande imepona kila ugonjwa."

Mama alijaribu kukasirika. Niliona kabisa vile alijaribu. Alifungua mudomo kumutukana, akaweka kichwa kwenye mukeka na kulia, na muforoma akasema "bon, basi", akachukua mufuko yake, akatuambia: asionje tena, anywe maji mingi, akizidi mumulete kwangu. Akaenda. Mbele ya siku mingi kupita mikono ya Mama ilipunguza kutetemeka.

Lakini mi sikuweza kungojea apone. Dawa yenye ilikuwa nzuri wakati ya kinu, inakuwaje mbaya sasa? Majani ni ile ile, kutoka kwa bibi ule ule. Nilichukua sahani nyeupe, nikaweka unga, nikamwangia maji. Unga ya kijani ilielea, ikashuka polepole. Na kando yake, kwenye sahani, maji ilitoka na mustari mwembamba wa rangi ya waridi. Muravumba haina rangi ya waridi. Tungurusumu pia apana.

Nilikimbia kwenye mashine. Mwenye kuisimamia alikuwa kijana mukubwa, mweupe wa unga mupaka kope, mwenye anapiga kelele hata kama mashine imezimwa, juu masikio yake yameshazoea.

"Ule muzee wa mahindi? Namukumbuka! Alileta tena juzi, nilimufukuza!"

"Umemufukuza juu ya nini?"

"Juu ya mahindi yake! Si ya kula! Ni ile ya mbegu, wanagawia watu wa kule juu wapande! Wanaipaka dawa ya wadudu na rangi, ili mutu asikule! Yeye anaosha, rangi inatoka, anasema imetakata!"

"Na ile mara ya kwanza?"

Kijana alipunguza sauti, na kwake kupunguza sauti ilikuwa kusema kama mutu wa kawaida.

"Ile mara ya kwanza sikuangalia. Alikuwa ameosha sana. Nilifikiri ni mutama." Akapangusa uso. "Yeye pia ana watoto, unajua. Kupanda, na nani atavuna? Kule juu wanapigana kila wiki. Afadhali akule."

Nilikuwa nimekuja na matusi tayari kwenye mudomo. Nilirudi nayo. Ule muzee hakutaka kumuua mutu. Alikuwa na gunia ya mahindi na watoto wenye njaa. Kijana wa mashine hakutaka. Mama alingojea kabisa ili afuate kitu safi. Ukipanga hawa watu wote kwenye mustari hauoni mubaya hata moja, na sumu imepita kati yao mukono kwa mukono. Nilikuwa nataka mubaya. Ningekuwa na mubaya ningejua niende wapi.

Mama alipoweza kusimama, jambo yake ya kwanza ilikuwa chupa. "Tutazirudisha," akasema. "Zote zenye zimetoka kwenye mashine." Mi nilifikiri hiyo ndo itakuwa kazi rahisi: unafika, unasema dawa imeharibika, mutu anakurudishia chupa na kukushukuru. Kumbe.

Muzee wa duka ya misumari ndo alikuwa wa kwanza. Alitusikiliza, musumari moja kati ya meno, kiisha akaitoa.

"Mama, karibu. Nimesikia ulikuwa unaumwa, Mungu akupe afya. Lakini chupa sirudishi."

"Ndani kuna sumu, muzee wangu."

"Sumu? Ulionja mbele yangu."

"Nilionja."

"Ulifungua mudomo, niliona."

"Uliona."

"Basi? Nilisema bismillahi nikanywa, na mugongo yangu imekuwa nzuri tangu ile siku. Unataka kuuzisha kwa mutu ingine bei ya juu, sema tu, mi si mutoto."

"Muzee wangu, niangalie." Mama alinyoosha mikono mbili juu ya kontwari. Bado ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, kama majani. "Hii ndo kuonja. Nilionja kwako, nilionja kwa zamu, nilionja kwa kila mutu. Kuonja kwangu ilikuambia roho yangu. Haikukuambia unga."

Muzee akainama chini ya kontwari, akatoa chupa, akatuma mutu nyumbani alete ile ingine.

"Sasa nani ataniambia unga?" akauliza. Hakuwa anacheza.

Mama aligeuka kuniangalia. Na mi, mwenye kusoma biolojia, nilisimama pale na chupa kwenye mukono. Kuna laboratwari, niliwaza, kule mahali fulani kuna watu wenye mashine ndogo ya kioo wenye wangeangalia kijiko moja ya hii kitu na kuandika: ndani kuna hii, ndani hakuna hii. Lakini si kwetu, si wakati ule. Sisi tulikuwa na ulimi wa Mama.

Wengi walirudisha. Wengine walikataa kabisa, wakasema tumbo yao haijawahi kuwa safi namna ile. Zamu wa Mutanga Nord alileta neno ya madamu wake kwamba chupa imeisha, na asante. Ile ilinisumbua sana. Niliuliza kama watu wa ule lupango, nyumba ya madamu, wanaumwa. Zamu akasema apana, mbwa tu ndo inaumwa. Tulimwanga kila kitu kwenye shimo, mbali na maji, na Mama aliosha chupa na maji ya moto, akaziangalia kwenye jua, akazivunja. Mi nilimuambia chupa haina makosa, kioo inatakata. Akaniambia: "Nisipozivunja nitaanza kufikiri kama wewe."

Kiisha akarudi kwenye kinu. Akatwanga yeye mwenyewe, pole pole, akipumzika. Aliosha, akakausha, akatwanga, akachekecha. Mi nilimwanga maji juu ya unga kwenye sahani nyeupe na hakuna rangi ingine yenye ilitoka, kijani tu. Ilikuwa safi. Kwa vile sisi tulikuwa na nguvu ya kujua, ilikuwa safi. Mama aliweka kijiko moja kwenye uji ya yaya, akaketi mbele yake. Hakusimama mulangoni tena.

Yaya alikohoa, akashika tumbo, akangojea ipite.

"Mama, mi sitakunywa."

"Hii ni ya kinu. Mudogo yako ameangalia. Ni safi."

"Najua ni safi."

"Basi hauniamini."

"Nakuamini mupaka mwisho. Lakini safi ni jambo moja. Mutoto mwenye iko ndani ya tumbo, hii kitu inamufanya nini? Unajua?"

"Ba bibi wa hapa..."

"Ba bibi wanakunywa wenyewe. Nimeuliza bibi wa majani, ule mwenye tunachuma kwake. Amesema mwenye mimba, yeye anamwachia. Ni juu ya nini, hajui. Anamwachia tu." Yaya akasukuma bakuli na kidole moja. "Kama inaua mikrobe, Mama, inaua kitu. Mi sijui inajua vipi mahali pa kuishia."

Nilitaka kuingilia. Nilikuwa na maneno mingi ya kitabu, kwamba mutoto si mikrobe, kwamba kikohozi pia inaweza kumudhuru. Nilikuwa tayari nimekasirika, juu nilitaka tu mutu moja aseme ndiyo ao apana, tumalize. Lakini Mama aliangalia ile bakuli muda murefu, na mi nilimwangalia yeye, na nikaona anatafuta kwenye kichwa yake yote, kwa mama yake, kwa bibi yake, Uvira na hapa, na hapati.

"Sijui," akasema.

Sikuwa nimesikia Mama akisema ile neno juu ya dawa. Alichukua bakuli, akakula uji ile yeye mwenyewe, yote, bila haraka, akamupikia yaya ingine na sukari kidogo yenye ilikuwa imebaki. Muforoma alikuja kusikiliza mugongo ya yaya na kusema kifua iko wazi, kikohozi ni ya koo na ya moshi, apikie inje. Mi nilihamisha jiko inje. Hiyo ndo dawa yenye tulikuwa nayo.

Kwenye soko mambo ilikuwa ngumu. Mama aliacha kuonja. Watu wanafika, wanaulizia, wanangojea kijiko, na kijiko haipandi.

"Hauonji?"

"Sionji tena. Lakini njoo nyumbani asubuhi, utaona vile naosha, vile natwanga. Utashika na mukono yako."

Watu walikuwa wanamuangalia kama mutu mwenye amewaalika kwenye matanga ya mutu wasiyemujua. Wachache walikuja. Muzee wa misumari alikuja, akakaa kwenye kiti karibu na kinu, akasimamia kila kitu kama mutu wa ujenzi, na akatupa ushauri juu ya vile kinu inafaa kushikiliwa. Lakini wengi walienda kwenye meza ya upande ingine, kwa ule bwana mwenye ba jirani walikuwa wamemusingizia. Yeye alikuwa anaonja na kelele, analamba kijiko na kupiga ulimi.

Siku moja ya musimu ya mvua alifika mwanamuke kijana, kitenge imefungwa juu, tumbo kama ya yaya. Alikuwa na kikohozi. Sikuhitaji kuangalia Mama.

"Mama, muravumba yenu, mwenye mimba anaweza kukunywa?"

Mama alikuwa na chupa kwenye mukono, ya kinu, safi. Ile siku hatukuwa tumeuzisha kitu.

"Ni safi," akasema. "Nimeitwanga mwenyewe. Lakini kwa mwenye mimba, sijui. Mutoto wangu iko nyumbani na mimba namna yako, na hakunywi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo sijui. Nenda dispanseri, wasikilize mugongo yako. Na usipikie ndani."

Mwanamuke alisema asante, akageuka. Hakuelekea dispanseri. Alivuka matope, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya upande ingine, na tuliona ule bwana anafungua kopo yake, anachota, anaweka kwenye ulimi, anafungua mudomo yote ili aone. Mwanamuke alitabasamu, akaanza kufungua fundo ya feza kwenye kitenge yake.

Mama alisimama.

"Mama," nikasema, "acha. Umeshamuambia. Watasema ni wivu."

Alikuwa ameshaingia kwenye matope, na viatu yake ya soko, mikono mbele ili asianguke. Nilimuita tena, nikamuambia meza yetu itabaki na nani. Hakugeuka. Nilisikia tu sauti yake, ya juu, ya Uvira, mbele hajafika:

"Dada! Dada wa mimba! Usifungue hiyo fundo, ngoja kwanza tuongee!"